Mama, ile hati ya kiwanja iko wapi?

Shikamoo Mama. Huku Austin, Texas, Marekani, tunaendelea vizuri, kazi zipo. Mdogo wangu akusomee hii polepole na asiruke kitu maana namjua.

Jumapili nlivyotoka kanisani nlipita uwanja mmoja unaitwa Republic Square, nikakaa chini ya mialoni, miti mikubwa ya zamani. Mama, chini ya miti hii hii ndo walipigia mnada viwanja vya huu mji, tarehe 1 Agosti 1839, viwanja 306! Kipindi hicho Texas ilikuwa nchi kabisa na rais wake, na hapa palikuwa pori, kijiji kidogo tu kinaitwa Waterloo kando ya mto Colorado, mpakani na Wakomanche, kabila la wenyeji wa huku. Huyo rais, Lamar, alishawahi kupita akiwinda nyati wa huku, akapapenda, basi makao makuu yakaletwa hapa. Nikamkumbuka marehemu Baba alivyokuwa anasimulia ile 1973 TANU ilivyosema makao makuu yanahamia Dodoma na watu wanashangaa, eti kwenye vumbi lile.

Aliyepima mji ni Waller, mitaa ya kutoka kaskazini kwenda kusini akaipa majina ya mito ya Texas na mpaka leo mingi ina majina hayo hayo, basi nnalopanda linapita Guadalupe. Bunge lilikuwa la mbao, limezungushiwa boma la magogo kwa kuogopa kuvamiwa. Mwanzoni mwa 1840 walihesabiwa watu 856, na 145 walikuwa watumwa. Watu weusi kama sisi Mama. Viwanja vinauzwa na wao hawaruhusiwi kumiliki hata hatua moja, wao wenyewe wanahesabika mali ya mtu. Nlikaa pale muda mrefu nikiwawaza, nyumbani nikachelewa kufika.

Alafu 1842 mji ukataka kufa. Jeshi la Meksiko liliteka mji wa San Antonio, na rais aliyefuata, Sam Houston, ambaye Austin hakuipenda tangu mwanzo, akahamisha serikali. Watu wakaondoka wakabaki hawafiki 200, ila hao waliobaki wakagoma kutoa nyaraka za serikali. Tarehe 30 Desemba Houston akatuma watu na magari ya kukokotwa wazibebe kimyakimya, na zilikuwepo za ofisi ya ardhi humo. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, Angelina Eberly, akawaona, akaenda kwenye mzinga uliokuwa mtaani akaufyatua mji mzima ukaamka! Hakuumia mtu. Kesho yake wanaume wakawafuata mpaka kijito cha Brushy Creek wakarudi na makaratasi yao yote, na 1845 serikali nayo ikarudi. Yule mama wamemchongea sanamu hapa mjini, anawasha mzinga, mimi kila nikipita nasimama.

Sasa Mama, hati ya kiwanja chetu bado iko kwenye ule mfuko wa rambo juu ya kabati? Panya wataimaliza, na jirani si alishaanza kusogeza mpaka. Kesho mdogo wangu akatoe kopi mbili, aipige picha anitumie, hati yenyewe akaiweke kwa Mjomba kwenye lile sanduku lake la chuma. Aende mwenyewe asimpe bodaboda. Akishafika kwa Mjomba anipigie, hata kama ni jioni huko, hapa itakuwa asubuhi ntakuwa macho.