Barua kwa Mwanangu wa Tarehe 29 Februari

Mwanangu,

Shangazi yako ameshautangazia ukoo mzima kwamba mimi na wewe kuzaliwa wote 29 Februari ni jambo linalotokea mara moja katika milioni mbili. Utalisikia mpaka ulichoke, kwa hiyo nakuandikia hesabu yake mapema.

Hiyo milioni mbili hakuiokota hewani. Miaka minne ina siku 1,461, na 29 Februari ni moja tu kati ya hizo. Zidisha 1,461 kwa 1,461, unapata 2,134,521. Jibu hilo linamfaa mtu anayesimamisha mama yeyote njiani na mwanawe na kuwauliza tarehe zao. Lakini mimi nilishazaliwa tangu 1996, zamu yangu ilishapita. Ilibaki yako tu: 1 kati ya 1,461.

Nayo haikudumu. Ilipojulikana utazaliwa 2024, mwaka mrefu, na miezi yote ikiwa sawa, ikawa 1 kati ya 366. Kisha kliniki wakaandika kwenye kadi yangu tarehe ya matarajio: 2 Machi. Watoto wengi huja ndani ya wiki mbili kabla au baada ya tarehe hiyo, basi hapo tukawa tunagombania siku ishirini na kitu. Uchungu ulipoanza usiku wa tarehe 28, mkunga aliyekuwa zamu hakuona muujiza wowote. Aliangalia saa, akasema, "Huyu ni wa kesho."

Shangazi huongeza kwamba hata siku ni moja, sote Alhamisi! Hapo sasa bahati haimo kabisa. Kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28, mradi katikati pasiwe na mwaka kama 1900 au 2100, inayogawanyika kwa 4 lakini si mirefu. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu kwa sababu unagawanyika kwa 400. Nilikuzaa nikiwa na miaka 28 kamili. Ingekuwaje isiwe Alhamisi?

Na wapo waliotupita. Katika familia ya Keogh, babu alizaliwa 29 Februari 1940, mwanawe 1964, mjukuu 1996, siku ileile niliyozaliwa mimi. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wamewaandika. Kule Norwei, familia ya Henriksen ilipata watoto watatu tarehe hiyo: 1960, 1964 na 1968. Ukigawanya watu bilioni nane kwa ile hesabu ya shangazi, unakuta kama 3,700 hivi duniani wanaochangia siku hii na mama zao. Hatuko peke yetu, ingawa sijakutana na hata mmoja.

Mpaka 2028 kuna ugomvi wa keki. Bibi yako anataka ikatwe 28, kwa kuwa sisi ni watu wa Februari. Mimi nasema 1 Machi, maana tarehe 28 mwaka bado haujatimia. Baba yako anaunga mkono pande zote mbili, ilimradi keki ziwe mbili.

Mama yako