Barua kwa Rehema: yale masinia yenu

Rehema shoga yangu,

Salaam sana. Za Kigamboni? Shemeji hajambo, mama lile goti limepata nafuu? Huku Magomeni tupo, tunamshukuru Mungu, watoto wamefunga shule nyumba haikaliki. Kimya kingi kina mshindo, basi mshindo wenyewe ndo huu: nayataka masinia ya kikundi chenu, yale makubwa ya shughuli, pamoja na vile vikombe vya bati kama bado vipo. Ni ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, zamu yangu kuwakaribisha wenzetu chai ya saa nne, hii ambayo Zuu siku hizi anaiita branchi.

Nikwambie kilichonisukuma. Ile chai ya kwa Mama Jamila hukuwepo. Chakula kiliagizwa kikaja na bodaboda, kila mtu na boksi lake la povu, ndani maandazi yako kwenye kimfuko, maharage kwenye kikopo chenye kifuniko, kijiko cha plastiki nacho kimefungwa kwenye nailoni yake peke yake, juisi kikopo kingine na mrija juu. Tulikula vizuri, sikatai, na stori za Zuu unazijua watu walicheka mpaka machozi. Lakini tuliponyanyuka pale taka ilikuwa nyingi kuliko chakula chenyewe. Viroba vikapelekwa getini kusubiri gari la taka, gari halikuja, kunguru wakashuka. Unawajua kunguru wa Dar. Walichana vile viroba mpaka mtaro wote ukawa mweupe vipande vya povu, mimi na dada wa pale tukawa tunaokota, kile kitu kikishavunjika punjepunje hakiokoteki, upepo kidogo tu kishaondoka. Na hao kunguru babu zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka za mji, asa wao wanakula mabaki ya chakula, povu linabaki kuwa letu. Ule mtaro wa Kigogo unaenda wapi kama si mto Msimbazi, na Msimbazi ukijaa unajua Jangwani panavyokuwa, mabasi yanasimama, watu wanatoa magodoro ndani.

Yaani Rehema iliniuma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na tukazoea, mpaka wauza nyanya wakazoea, halafu sisi wenyewe tunaileta tena ndani kwa mlango wa boksi la chakula?

Ndo maana nang'ang'ania masinia. Sinia moja watu wanne au watano, mmenawa mikono, mambo yameisha, kijiko cha nini. Mama zetu wamelisha harusi nzima hivyo hivyo, vyombo vinatoka kwa kikundi, vinahesabiwa, vinaoshwa, vinarudi, na hakuna mtu alikwenda kununua sahani ya kutupa. Sisi hatushindwi na wanawake kumi na kitu. Zuu anasema kuosha vyombo kunamaliza maji na maji yenyewe ya mgao, hapo ana hoja, simbishii. Ila masinia matatu si sahani kumi na tano na mabakuli yake. Unafuta mabaki kwanza kwa maganda ya limao, beseni moja la sabuni, beseni moja la kusuuzia, yale ya kusuuzia yanakwenda chooni. Nimeshampangia Mwajuma mabeseni.

Chakula ni cha kwetu tu. Mbaazi za nazi na mahamri, mihogo, mayai ya kienyeji, chai ya viungo. Saa hizi machungwa ya Muheza yamejaa kila kona, nitakamua mwenyewe, juisi za boksi sinunui. Wa soda kuna kreti la chupa za kioo, zinarudi dukani Jumatatu. Mbaazi nitaziloweka tangu usiku, zikilowa hazichukui muda kwenye presha ya umeme. Mkaa sitaki kabisa safari hii. Hili tanuri la udongo la kienyeji linaweza kula kuni tani sita mpaka kumi kutoa tani moja ya mkaa, na miti yenyewe inakatwa Rufiji, Kilosa, Handeni, kila mwaka wanasogea mbali zaidi. Mihogo ya kuchoma nitatumia vifuu, maana nikishakuna nazi vifuu vyake vipo pale pale na moto wake ni mkali. Machicha wanachukua kuku wa Bi Hadija, tumeshaongea.

Afu jambo lingine, waambie upande wenu kila mtu aje na bakuli lenye kifuniko. Kikibaki kitu kinaondoka na watu. Sitaki mbaazi ziende dampo la Pugu Kinyamwezi, kule chakula kinafukiwa chini ya taka nyingine kinaoza bila hewa na kutoa methani, kilo kwa kilo inapasha dunia joto kuliko hata ile kaboni dioksidi ya magari. Na tena mbaazi nimezihangaikia, kuzitupa ni dhambi.

Mama Jamila bado hajanijibu, nasikia anaona kama nimemsema. Wallahi sijamsema. Nyumba yake ilitupokea vizuri na ningependa aje mapema tupike wote, mahamri yake hayana mpinzani... hebu ongea naye wewe, wewe anakusikiliza.

Sasa nijibu haya. Masinia yapo mangapi, na ufunguo wa stoo anao nani siku hizi, bado mwenyekiti au mlishampa Asha? Mnataka hela ya kuazima au niweke kitu kwenye mfuko wa kikundi? Shemeji bado anavuka na pikapu Ijumaa kuleta mizigo Kariakoo? Kama anavuka si asogee anishushie hapa Magomeni, si mbali na Kariakoo, kuliko kuwasha gari jingine kwa ajili ya masinia tu. Na wewe mwenyewe utakuja na nini, si upande pantoni halafu mwendokasi pale Kivukoni, unashuka hapa mlangoni? Mama ataweza kuja au goti bado? Na lile kapu lako la ukili la sokoni, unalo bado au uliligawa?

Nijibu kabla ya Alhamisi, nikikosa ya kwenu niende nikawaombe wa msikitini.

Wako,
Mwanaidi