Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitunguu Pori na Ramani Yake

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karibu wote tumeumalizia kwa mmea mmoja, Allium tricoccum, kitunguu pori cha misitu yetu. Wanaonung'unika kwamba mimea mingine imesahauliwa wana haki; lawama ni yangu.

Kazi kubwa ilikuwa ramani ya mahali kinapoota. Asili ya kitunguu hiki ni mashariki mwa Amerika Kaskazini: Nova Scotia na Quebec, kupita Maziwa Makuu hadi Minnesota, kisha kusini kwenye milima ya Tennessee na North Carolina. Majani hutoka mapema, kabla miti haijafunga kivuli, na hunyauka kabla maua hayajachanua. Ndiyo maana fomu kadhaa zilizoandikwa “hakipo” tulizirudisha: wenzetu walikwenda Julai, wakati kimebaki kikonyo tu chenye maua meupe.

Chicago imo. Jina la mji huo latokana na shikaakwa, neno la lugha ya Miami-Illinois la kitunguu pori. Wapo wanaoshikilia kuwa kitunguu hicho ni Allium cernuum, aina nyingine ya kitunguu pori, na ubishi huo ulikula muda wa kikao kuliko bajeti.

Kuhusu uchimbaji, mbegu huchukua miaka 5 hadi 7, pengine zaidi, mpaka mmea uchanue. Jimbo la Quebec, Kanada, limepiga marufuku biashara yake tangu 1995. Mtu anaruhusiwa vitunguu 50 tu kwa mwaka, vya kula mwenyewe, tena nje ya hifadhi. Katika jimbo jirani la Ontario huuzwa bila kificho, na magendo yanajulikana. Kamati imeamua: katika matembezi yetu hatuchimbi tena, kila mmea jani moja. Wazee wamelalamika kwamba utamu wenyewe uko chini ya udongo. Kweli uko huko, lakini uamuzi haubadiliki.

Mei nusura tule sumu. Majani ya Convallaria majalis, mmea wa sumu unaofanana nacho, yaliingia kapuni, na pua haikutusaidia, kwani mikono iliyoshika vitunguu hufanya kila jani linukie kitunguu. Tazameni: ya sumu hukumbatiana kwenye kikonyo kimoja, ya kitunguu kila moja hutoka ardhini peke yake.

Hesabu atazisoma mtunza hazina. Nafasi ya katibu wa ramani iko wazi; anayeitaka awe tayari kuingia msituni Aprili.