Kabla Hujanunua Difu, Sikiliza Gari Lako

Wateja wengi hufika gereji kwetu wakiwa wameshapewa jibu: "Difu imekufa, tafuta nyingine." Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa tairi. Wengine wameshainunua kabisa, iko kwenye buti. Inatuuma, kwa sababu mara nyingi tatizo huwa krosi (kiungo cha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu) au beringi ya tairi, na hiyo difu iliyotumika hakuna ajuaye ilikotoka ilibebeshwa nini.

Kama una Hiace, Hilux au Noah ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma, ukaguzi wa kwanza unaweza kuufanya mwenyewe.

Anzia barabarani, redio ikiwa imezimwa. Gari likivuma, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia. Mlio ukibadilika kila unapokanyaga na kuachia, hapo difu yenyewe inashukiwa: krauni na pinioni, gia mbili za ndani yake, hazikutani sawasawa, au beringi ya pinioni imelika. Usipobadilika kwa mafuta ila ukazidi unapokata kona, shuku beringi ya tairi. Ukibadilika kila lami inapobadilika, ni tairi zenyewe. Hamishia za mbele nyuma usikie kama mlio nao umehama. Tairi zilizolika vibaya zimeshapoteza mafundi wengi, hata wazoefu.

Kishindo unapoingiza gia, au mtetemo unaokuja mwendo ukikolea, hutupeleka kwenye propela.

Hapo liegeshe mahali tambarare, kaza tairi za mbele kwa vigingi pande zote mbili, inua nyuma na uweke stendi. Tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka nyutro, achia breki ya mkono, shika propela uizungushe huku na huku. Krosi nzima haichezi. Ukiona inacheza, au kuna unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, ibadilishe mapema. Ikikatika mwendoni propela hudondoka. Mchezo mdogo unaotoka ndani ya difu ni wa kawaida.

Sasa oili. Tairi ya nyuma ikilowa kwa ndani, nusa: gia oili ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Ukiisikia harufu hiyo, sili (mpira unaozuia oili isivuje) imeachia, na oili ikifika kwenye breki gari lisitembee. Lakini kabla ya kubadili sili, tazama kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata joto hewa hukosa pa kutokea na kuisukuma oili ipite kwenye sili. Tumepokea magari yaliyobadilishwa sili mara tatu, kitundu hakikuguswa.

Ukitaka kumwaga oili, fungua kwanza nati ya kujazia, usije ukamwaga kisha ukashindwa kujaza. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini lisikutishe. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, usiliendeshe gari. Tuite tulifuate hapo lilipo, na vipande hivyo usivitupe, tutataka kuviona.