Barua kwa Zuhura kuhusu njia ya Mombasa hadi Iringa

Iringa,
Novemba.

Rafiki yangu mpendwa Zuhura,

Pokea salamu nyingi kutoka nyanda za juu. Sisi huku tu wazima, na ninatumaini kwamba wewe, shemeji Athumani, watoto pamoja na Mama mnaendelea vyema huko Kisauni, Mombasa. Nimefurahi mno kusikia kwamba Desemba hii mtakuja kwa gari lenu wenyewe badala ya kubanana katika basi, na kwa kuwa umeniuliza kama ile njia ambayo shemeji ameichora katika simu yake inafaa kufuatwa, nimeipitia kipande kwa kipande na nitakuambia bila kuficha ninavyoiona.

Mstari wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mzuri. Kupitia mpakani Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, Segera, Chalinze, Morogoro na Mikumi ni safari ya takribani kilomita 800, wakati ile njia nyingine ya Voi, Taveta, Moshi, Arusha, Babati na Dodoma, ingawa siku hizi ina lami hadi hapa kwetu na inapita juu ya bwawa la Mtera ambalo ningependa sana mlione, inazidi kilomita 1,000. Nisichokubaliana nacho ni zile saa zilizoandikwa chini ya mstari. Simu inamwahidi shemeji kwamba akitoka alfajiri atakula chakula cha usiku Iringa siku hiyohiyo, naye, kama ninavyomjua, ameshaanza kuiamini.

Mweleze jinsi saa hizo zinavyopatikana. Programu nyingi zinazotumia ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote tangu mwaka 2004, huipa kila barabara daraja lake la ukubwa, na kila daraja hupewa mwendo wake, kisha urefu wa kila kipande hugawanywa kwa mwendo huo na majibu yakajumlishwa. Kwa hesabu hiyo barabara kuu ni barabara kuu, iwe tupu au imejaa. Haijui kwamba katika kila kijiji kati ya Segera na Chalinze kuna kibao cha 50, na nyuma ya mwembe kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, haijui matuta, haijui kwamba kuanzia Chalinze mtaungana na malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na kwamba kuyapita yote ni kazi ya kutwa. Google Maps, kwa kuwa hukusanya mwendo wa simu za wasafiri wengine, hukaribia ukweli kidogo zaidi, lakini hata hiyo haitawahesabia muda wa kushuka mpakani, kugonga pasi, kushughulikia karatasi za gari na bima, na kumsubiri Mama amalize kuswali. Mimi huchukua kilomita 60 kwa saa, vituo vyote vikiwa nje ya hesabu hiyo, na sijawahi kuona sababu ya kuongeza.

Kwa hiyo ninakushauri msipange safari kwa kuuliza njia ipi ni fupi, bali kwa kuamua kwanza mtalala wapi na jua litakuwa wapi mtakapofika. Mwezi wa Desemba giza huingia mara tu baada ya saa moja jioni, na barabara ya Mikumi na ya mlima Kitonga si za kupita gizani mkiwa na watoto. Mkitoka Kisauni baada tu ya sala ya alfajiri (na kama mtavuka kwa feri ya Likoni au mtazunguka kwa Dongo Kundu, hilo mnalijua ninyi kuliko simu na kuliko mimi), mnaweza kuwa Lunga Lunga kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne nanyi bado hamjaondoka Horohoro, laleni Tanga na msijilazimishe. Mkiwa mmevuka mapema, endeleeni hadi Morogoro, mlale huko, na kesho yake mzimalize zile kilomita 300 na ushei ambazo ndizo nzuri kuliko zote na ndizo zinazotaka macho yaliyopumzika.

Sasa nije kwenye kile kipande ambacho nimekifuta. Shemeji ameruhusu programu itafute njia ya mkato, nayo ikampeleka Handeni, kisha Turiani, kisha Dumila, ndipo arudi Morogoro akitokea upande wa Dodoma. Ukiutazama mstari huo kwenye simu unavutia, kwa sababu unakata pembe yote ya Chalinze. Lakini kati ya Handeni na Turiani mimi ninajua kuwa ni njia ya vumbi, na mvua ikinyesha huwa ya matope. Tena bonde lile la Dumila si la kuchezewa mvua zinapokuja, maana Januari 2014 mafuriko yalibeba daraja na kuikata barabara ya Morogoro na Dodoma pale pale. Programu za OsmAnd na Organic Maps zina mahali pa kuchagua kukwepa barabara zisizo na lami, na wewe mwenyewe ukiweka alama hapo utaona mstari unarudi Chalinze. Ila usitegemee alama hiyo peke yake, kwa sababu inafanya kazi pale tu ambapo mchoraji wa ramani aliandika kwamba barabara ni ya udongo. Pale ambapo hakuandika chochote, programu hukisia. Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2015 vijana wa mradi wa Ramani Huria walipita mtaa kwa mtaa wakichora kwa ajili ya kukabili mafuriko, utakuta hata vichochoro na mifereji. Vijijini mchoraji pengine aliuona mstari mweupe kwenye picha ya setilaiti, akauchora, akaenda zake.

Njia nzuri ya kuitawala programu ni kuinyima uhuru. Usiandike Mombasa mwanzo na Iringa mwisho halafu uiache ijichagulie. Weka vituo vya katikati kwa mkono wako: Horohoro, Muheza, Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Ipogolo. Mstari ukishalazimika kupita hapo kote, hauna nafasi ya kwenda kutembea. Vituo hivyo viweke kwa kugusa ramani yenyewe badala ya kuandika jina, na hapa nina sababu. Ukiandika "Ruaha" utaletewa mto, hifadhi ya taifa, Ruaha Mbuyuni, na pia Ruaha ya Kilosa iliyo kwenye barabara ya Ifakara. Ukigusa hiyo ya mwisho, mtakapofika Mikumi mjini sauti itawaambia mpinde kushoto kuelekea Kidatu, nanyi mtatii, kwa kuwa barabara itakuwa nzuri na hakuna kitakachowashtua.

Ukipendelea kutumia namba za latitudo na longitudo, kumbuka kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo namba ya kwanza lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Mji wetu uko karibu na -7.77, 35.70. Ondoa kile kistari kidogo, na programu, bila kusita wala kuuliza, itawachorea safari ya kwenda Ethiopia, magharibi ya Jimma.

Uliuliza pia kama simu itafanya kazi porini ambako hakuna mtandao. Itafanya. Simu haiongei na setilaiti za GPS, inazisikiliza tu; zenyewe zinazunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200, na simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya kila setilaiti yametumia kufika. Hilo halihitaji bando la intaneti. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na ndiyo maana ni lazima mpakue mapema, nyumbani, ramani ya Kenya na ya Tanzania zote mbili, kwani mkiwa na moja tu njia itakatika mpakani. Pakueni toleo jipya, si lile ambalo shemeji analo tangu zamani. Kati ya Segera na Chalinze kuna daraja jipya la mto Wami ambalo halikujengwa palipokuwa la zamani, na mwenye ramani iliyochakaa hujiona kwenye simu akielea porini wakati magurudumu yako kwenye lami safi. Kitu kimoja zaidi: simu ikizimwa na kuwashwa mahali pasipo mtandao huweza kuchelewa kujitambua ilipo, basi iacheni wazi na muwe na waya wa kuichaji garini.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata katikati, fuateni vibao na si simu. Kuna matuta, kuna kikomo cha mwendo, na kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, ambalo watoto watapenda kulisoma kwa sauti. Baada ya hapo mtashuka kwenye bonde la mibuyu la mto Ruaha Mkuu, na pale Ruaha Mbuyuni mtaona vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Nunueni, ila nyanya msubiri Ilula.

Katikati ya vitunguu na nyanya ndipo ulipo mlima Kitonga. Kwenye ramani ni mikunjo midogo ambayo ukiitazama kwa haraka huioni, na programu inaupa dakika chache kama kipande kingine chochote. Mwombe shemeji afungue ule mchoro wa mwinuko ambao OsmAnd huuonyesha chini ya njia: ataona mstari unakwenda karibu sawa muda mrefu, kisha unapanda ghafla kama ukuta. Barabara pale ni nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo, na lori moja likiharibika kwenye kona wote nyuma yake husubiri. Hakuna njia ya kuzunguka iliyo karibu, hata simu ikisema ipo. Ndiyo maana ninataka mtoke Morogoro asubuhi, ili hata mkikwama kwa muda wa saa tatu mfike kwetu kukiwa bado mchana.

Mwisho wa mstari nimeuweka Ipogolo, pale chini ya kilima kabla ya kupanda mjini, kwa sababu nitakuja kuwapokea hapo. Nimekuambatanishia faili la GPX, yaani faili la njia ambalo programu za ramani husoma, lenye vituo vyote nilivyovitaja; lifungueni kwa OsmAnd au Organic Maps, kwa maana Google Maps ya kwenye simu haitalisoma. Habari ya kwenda Hifadhi ya Ruaha tutaipanga mkiwa hapa, kwani ni zaidi ya kilomita 100 nyingine na ningependa kwanza kulitazama gari lenu limeinuka kiasi gani kutoka chini.

Niandikie tarehe mnayotoka, na kama Mama anaweza kukaa garini saa nne mfululizo, ili nijue kama niongeze kituo cha kupumzika pale Muheza wanapouza machungwa. Waambie watoto wachukue masweta. Msalimie sana shemeji, na umsomee barua hii taratibu.

Ni mimi rafiki yako,
Rehema