Risala ya Akina Mama wa Talek kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mara

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee na wageni wote, sopa!

Sisi ni akina mama watunga shanga wa Talek, Kaunti ya Narok. Tumefurahi kukupokea leo, Septemba 15, siku ambayo Kenya na Tanzania huuadhimisha Mto Mara.

Mheshimiwa, watalii wanatulisha. Bangili tunazowauzia kwenye lango la hifadhi ya Maasai Mara zimelipa karo, na wanetu wameajiriwa kambini. Hatutaki waondoke. Tunaomba njia ya kufika mtoni.

Mto Talek, unaomwaga maji yake Mara, ndio uliotulea. Ndipo ng'ombe walipokunywa, ndipo tulipooshea vibuyu vya maziwa kabla ya kuvisugua kwa kijinga cha mti wa oloirien. Kila boma lilikuwa na mteremko wake, na ng'ombe waliujua bila kuongozwa. Siku hizi kingo zimejaa kambi, maana kila mgeni anataka kuamka akitazama kiboko. Mteremko wetu mmoja umezibwa kwa seng'enge. Siku ile ng'ombe walifika pale wakasimama, pua zimeelekea maji yaliyo hatua chache mbele, wasielewe. Mchungaji, mtoto wa darasa la sita, aliwazungusha hadi jioni. Nasi tunaochota chini ya kambi, asubuhi tunakuta povu la sabuni limeng'ang'ania mawe. Tunalisukuma kwa kiganja, tunajaza mitungi.

Na wageni hujaa Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka, wakati wa kiangazi ambapo hatuna pengine pa kunyweshea.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Basi tunaomba miteremko ya mifugo iliyobaki ipimwe na kutiwa kwenye ramani kabla kambi nyingine haijapewa kibali. Maji machafu ya kambi yapimwe, majibu yasomwe barazani kwa Kimaasai. Na akina mama tuitwe vikaoni. Ardhi ya kando ya mto ikikodishwa, wanaume hutia sahihi, nasi habari hutukuta njiani, mtungi mgongoni.

Baada ya chakula, tunakuomba ushuke nasi hadi mtoni, si mbali. Saa kumi mbuzi watakuwa wakiteremka.

Ni sisi,
Akina mama wa Talek