Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: mwenye uso aulizwe kwanza

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Dodoma.

YAH: SURA ZA WAATHIRIWA NA MASHAHIDI KATIKA VIDEO ZA UKATILI

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na makazi yangu ni Ngamiani. Nawasikiliza waliopigwa, waliodhulumiwa mirathi na waliofukuzwa kazi bila kulipwa. Nawaandikia barua, nawasindikiza polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, hospitali, na kwa ofisa ustawi wa jamii. Siku hizi wengi wao wanakuja na simu mkononi, na ndani ya simu kuna video. Mara nyingi video hiyo imekwisha kuzunguka kwenye magrupu kabla mwenyewe hajanifikia, na uso wake uko wazi.

Nakuandikia wewe kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeikabidhi Tume yako jukumu hili. Sura ya mtu ni taarifa yake, na sauti yake vilevile. Sheria hiyo imezihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, na tangu zamani Ibara ya 16 ya Katiba imetuahidi heshima ya nafsi na ya maisha binafsi. Ombi langu ni kwamba maneno hayo yashuke hadi mtaani, kwenye simu ya jirani anayerekodi na, nalisema hili bila kuzunguka, kwenye kamera ya kiongozi anayekwenda kumpa pole mwathirika.

Video zenyewe nazitetea. Zamani ilikuwa neno la msichana wa kazi dhidi ya neno la tajiri wake, na tunajua lipi lilikuwa zito. Leo jirani akichungulia dirishani na kurekodi dakika moja, kesho yake mwenyekiti wa mtaa yuko mlangoni pamoja na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Nimeona watu wakiokolewa kwa njia hiyo. Nisingependa hata mmoja wa wale majirani aogope kuitoa simu yake.

Lakini nimeona pia yanayofuata. Kuna binti mmoja niliyemhudumia. Mtaa wake sitautaja, wala umri, wala aliyemfanyia. Video ya mateso yake ilisambaa, akaokolewa, tukashukuru. Siku chache baadaye wakaja viongozi wa ofisi moja ya umma na mpiga picha wao. Wakamketisha katikati, wakamuuliza mbele ya kamera aeleze alivyofanyiwa, naye akaeleza, huku akilia. Ilirushwa siku ile ile, uso wazi, na jina lake la kwanza limeandikwa chini. Walikuwa na nia njema, naamini hivyo. Ila tangu hapo akienda sokoni anaitwa "yule wa video". Nyumba mbili zilizotaka kumwajiri zilighairi. Aliniuliza kama kuna mtu anaweza kuifuta ile video, nikashindwa kumtajia hata mlango mmoja wa kugonga.

Wenye ofisi hiyo walisema binti alikubali. Alikubali vipi, Mheshimiwa? Mtu aliyetoka kupigwa, amezungukwa na watu wazima waliovaa suti, ndio waliomtoa kule ndani, ndio wanaomlisha na ndio walioshika kamera. Angesemaje hapana? Ridhaa ina wakati wake. Aulizwe akiwa ametulia, aelezwe kwamba kitu kikishaingia mtandaoni kitaonwa na shangazi yake kijijini na pengine na mume atakayemwoa, aambiwe kwamba akikataa hatanyimwa msaada wowote, na kesho akibadili mawazo asikilizwe. Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, naona mjadala huo usiwepo kabisa: uso uzibwe, mwanzo hadi mwisho.

Na kuziba uso ni mwanzo tu, hasa kwetu. Ngamiani watu wanajuana. Barabara zetu zina namba, lakini mtu hutambulika kwa mlango wa nyumba, kwa kanga aliyojifunga jana na juzi, kwa lafudhi ya Kidigo au ya Kisambaa, kwa kovu la mkononi. Adhana ikisikika nyuma ya mazungumzo, wenyeji wanamjua mwadhini, na msikiti ukijulikana mtaa umejulikana. Ukienda kwenye mialo ni vivyo hivyo: boti ina jina limeandikwa ubavuni kwa rangi, hivyo mvuvi aliyefichwa uso huku akisimulia habari za wapiga baruti, wale wanaovua kwa kulipua samaki, na nyuma yake boti yake inaonekana, amekwisha kutajwa. Pwani hii imeteswa na baruti miaka mingi, na wanaozitoa habari hizo hurudi usiku kwenye bahari ile ile na watu wale wale.

Aliyerekodi naye ana hatari yake. Pembe ya picha peke yake inaonyesha dirisha la nyumba gani lilitumika. Sauti yake akinong'ona "Mungu wangu" inamtambulisha. Faili lenyewe, likitumwa kama lilivyotoka kwenye simu, linaweza kubeba tarehe, saa, aina ya simu na hata mahali penyewe pa tukio. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Jirani wa dirishani sijaona akielezwa kama inamhusu.

Wenzetu duniani walijifunza haya kwa machungu. Mwaka 2007 watawa na raia walipoandamana Myanmar, picha zilizoonyesha ukatili wa askari zilitumiwa na watawala wenyewe kuwasaka walioonekana ndani yake. Mwaka 2009 nchini Iran, baada ya uchaguzi, picha za waandamanaji zilibandikwa mtandaoni nyuso zao zikiwa zimezungushiwa duara, na watu wakaombwa wawataje. Watetezi wa haki wakapiga kelele, na Julai 2012 YouTube wakaweka zana ya kutia ukungu kwenye nyuso. Signal, programu ya kutumiana ujumbe, nao waliongeza yao mwaka 2020. Kwa hiyo vifaa vipo, na ni vya bure.

Hapo pia pana jambo la kuangaliwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo viwili vya Marekani walionyesha kwamba programu ya kompyuta iliyofunzwa inaweza kuutambua uso uliotiwa vijiboksi au ukungu, hata ule ukungu wa YouTube. Ndiyo maana vijana ninaowaelekeza nawaambia waweke kiboksi cheusi kizito kinachofunika kichwa chote, na sauti waiondoe kabisa, maneno yaandikwe chini au yasomwe na mtu mwingine. Sauti iliyogeuzwa kwa programu huweza kurudishwa ilivyokuwa. Na kabla ya yote, warekodi kwa namna ambayo uso hautakuwepo: mikono, kivuli, mgongo penye ukuta mtupu.

Wapo wanaonijibu kwamba video iliyofichwa sura haiaminiki, polisi wataitupa. Hofu hiyo naielewa, na inaondolewa kwa kutenga vitu viwili. Video halisi isiguswe, ikae salama, ikabidhiwe kwa mpelelezi au wakili; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupokea ushahidi wa kielektroniki, na mahakama hutazama ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Nakala ya pili, iliyozibwa, ndiyo itolewe hadharani. Mahakama haiwahitaji watazamaji laki moja waujue uso wa mtoto ili impe haki.

Kwa hiyo naiomba Tume itoe mwongozo wa Kiswahili chepesi, wa ukurasa mmoja unaoweza kubandikwa ofisi ya kata na kusambazwa WhatsApp, unaomweleza mtu wa kawaida nini cha kuziba, nini cha kutunza na nani wa kumpelekea. Naomba zaidi agizo kwa ofisi zote za umma, kuanzia mtaa hadi mkoa, kwamba hakuna kamera kwa mwathirika bila ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto hakuna sura kabisa. Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, maana raia hufuata anachokiona kwa wakubwa: kiongozi akiziba uso wa mwathirika kwenye ukurasa wake, kijana wa bodaboda ataziba kwenye stetasi yake. Na uwepo mlango mmoja wa haraka, namba ya simu inayopokelewa na mtu, kwa anayetaka video yake iondolewe. Hata kusubiri siku saba ni kungoja mno kwa kitu kinachosambaa kwa saa.

Kama mwongozo huo unaandaliwa tayari, niko radhi kuusoma rasimu pamoja na wasaidizi wa kisheria wenzangu wa Muheza na Pangani, na kuwaambia ni sentensi ipi mama wa sokoni hataielewa. Ofisa wenu akija Tanga, nitawaalika watendaji wa kata, wapiga picha wa harusi, vijana wa magrupu na wavuvi wawili watatu wakae naye. Siku yoyote itatufaa isipokuwa Ijumaa mchana. Waathirika nitawauliza kwanza kama wanataka kuja, na wakikataa nitamletea maneno yao bila majina.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Ngamiani, Tanga.